Patron Alitaga Mayai

Jumapili ile baada ya adhuhuri wakwe walikuwa wanamrudisha Houda. Habari ilitumwa tangu Alhamisi, kwa adabu zote na salamu ndefu, kwamba Anouar mumewe amevumilia miaka mitano, mtoto hajaonekana, na sasa jamaa zake wanakuja kumkabidhi kwao. Katika ukoo ule wa mtaa wa Bwiza kukabidhi ni kitu kimoja tu. Sanduku la nguo za mke linaletwa mlangoni, na shangazi yake, dada ya baba, analipokea kwa mikono miwili. Shangazi ndiye aliyemfunda bibi harusi, ndiye aliyemsifia kwa wakwe, basi ndiye anayekiri mbele ya watu kwamba mali ilikuwa mbovu. Akishapokea, maneno yamekwisha. Mwanamke ni tasa, na kabla ya magharibi mtaa mzima utakuwa unajua.

Shangazi wa Houda ni Sikuzani, na Sikuzani alikuwa amekula yamini kwamba hapokei.

Mjueni kwanza. Ni mwanamke wa miaka hamsini na sita, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi, anayeshona mapazia na foronya barazani kwenye parseli, kiwanja chenye nyumba walichoachiwa na baba yao, yeye na kaka yake Twalibu. Twalibu, ambaye ni baba yake Houda, anakaa nyumba ya mbele. Sikuzani ana vyumba viwili vya nyuma. Sala tano hazimpiti, Ramadhani anaimaliza na sita za Shawwal anaziongeza juu. Na anafuga mijusi.

Naam, mijusi. Mjusi kafiri, huyu huyu wa ukutani anayelia cha-cha-cha karibu na taa, ambaye watoto wa Kiislamu wa Bwiza wanafundishwa kumpiga kandambili, na akifa kwa pigo la kwanza thawabu ni nyingi zaidi. Walimsema Sikuzani mpaka midomo ikawachoka. Jirani mmoja aliapa hatakunywa tena chai chumbani mwake, akaendelea kuinywa akiwa amesimama mlangoni. Sikuzani hakubishana na dini ya mtu. Alijibu kwamba kumuua ni sunna, si faradhi, na yeye mkono wake ni mzito. Anayetaka thawabu zake akazitafute kwenye ukuta wa kwake.

Mambo yalianza na kabati la sambusa. Zamani kabla ya kushona alikuwa anakaanga sambusa na kuziweka kwenye kabati la vioo mbele ya geti. Mafuta yalipokuwa adimu aliacha, na kabati likahamia chumbani likakaa tupu. Miaka minne iliyopita, katika mvua za Machi, mijusi wawili waliingia humo wakajifanya wenyeji. Mmoja alikuwa mkubwa, kichwa kipana, mkia mnene. Wa pili alikuwa mwembamba. Sikuzani alifika na ufagio, na wakati huo huo yule mkubwa akamdaka mende akammeza mzima mzima, miguu ikipiga nje ya mdomo. Yule mwanamke akaweka ufagio chini. Alisema baadaye kwamba tangu aachike hakuwahi kuona kitu chumbani mwake kinachofanya kazi bila kuambiwa. Akaziba pengo la kabati kwa kipande cha chandarua, akavuta kigoda, akakaa kutazama.

Sasa nani dume, nani jike? Swali hilo alilijibu siku ya tatu, na alilijibu vibaya. Alitupia ndani nondo watatu. Mkubwa akala wa kwanza, akala wa pili, na mwembamba akabaki kwenye kona anangoja mpaka mwenzake ameshiba ndipo akasogelea kilichobaki. Sikuzani akacheka peke yake. Haya, bwana wa nyumba kajulikana. Msimlaumu. Alikulia kwenye nyumba ambayo sinia la wanaume linatoka kwanza na wanawake wanakula jikoni kinachorudi, na jicho linafundishwa kama mkono unavyofundishwa. Yule mlaji wa kwanza akampa jina la Patron, yaani bosi. Yule mngojaji akawa Bibi.

Mayai yalionekana mwezi wa pili, mawili, meupe, madogo kama harage, chini ya kitambaa cha pazia alichowawekea. Sikuzani alifurahi hata akaona haya kwa furaha ile. Akangoja mwezi, akangoja miwili, kwenye wa tatu yakanywea yakawa ya manjano. Yakaja mengine mawili, yakanywea. Mengine tena, vile vile. Mwaka ukapita hivyo, na nusu ya mwaka mwingine. Kila mteja aliyeingia kupimisha mapazia alitoa hukumu yake: Bibi ni mbovu, mtoe, tia mwingine. Hata Twalibu, ambaye alikuwa hawezi kulitazama kabati lile, alisema kutoka mlangoni kwamba dume zuri kama lile linapotea bure.

Na Sikuzani akamtoa. Hili analieleza mwenyewe bila kujipamba, kwa sababu linamuuma. Alimshika Bibi kwa mkia, na mjusi ukimshika mkia anakuachia. Mkia ukabaki unapinda-pinda kwenye vidole vyake, mwenyewe akaanguka sakafuni amekuwa kipande. Akamzoa kwa kadibodi, akamtupa nyuma ya ukuta upande wa mtaro. Na akamwambia, kwa mdomo wake, nenda kwenu.

Wiki tatu baadaye Patron alitaga mayai.

Alikuwa peke yake. Hakuna mwingine kabatini, chandarua iko mahali pake, na Patron, bwana wa nyumba, mla wa kwanza, amekaa juu ya kitambaa na mayai mawili mapya yako chini yake. Sikuzani alikaa sakafuni. Kumbe muda wote ule walikuwa majike wawili. Mayai yalikuwa hayaanguliwi kwa sababu dume halikuwemo kabisa, na yeye ameadhibu jike lililokuwa karibu.

Halafu akamkumbuka Tajudini. Huyo alikuwa fundi magari, mtu wa vicheko, aliyemuoa Sikuzani akiwa binti wa miaka kumi na tisa. Walikaa miaka saba bila mtoto. Mwaka wa nane sanduku lake lililetwa kwenye parseli ile ile, shangazi yao, Mungu amrehemu, akalipokea kwa mikono miwili, na Twalibu ndiye aliyesema lipokelewe haraka kabla majirani hawajajaa. Tajudini akaoa wa pili, hakuzaa. Akamuacha, akaoa wa tatu, hakuzaa. Na Bwiza nzima ikamhurumia. Maskini Tajudini, walisema, mtu mwema vile, kaangukia matasa watatu. Sikuzani naye alimhurumia! Miaka yote alimtumia salamu kila Idi, na alipokufa alimlilia kwa kuona kwamba yeye ndiye aliyemfungulia mkosi. Pale sakafuni, mbele ya kabati la sambusa, alihesabu kwa vidole. Wanawake watatu, mwanamume mmoja. Ilimchukua miaka thelathini na mjusi ili afanye hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Hasira iliyompanda siku ile haijashuka mpaka leo, na mimi simuombei ishuke.

Lakini hakupiga kelele. Alianza kutazama, safari hii kwa kutoka chini. Aliwakamata mijusi wa taa ya baraza kwa glasi na kadibodi, mmoja mmoja, akawaweka juu ya kioo akawachungulia matumbo kwa miwani yake ya ushonaji. Aliwatazama wiki baada ya wiki. Akaona kwamba wengine wana mstari wa vitundu chini ya mapaja, vimepangwa sawasawa kama pindo lililopitishwa sindano bila uzi, na nyuma ya mapaja, pale mkia unapoanza, wana vifundo viwili. Wengine hawana: paja laini, mkia unaanza bila kivimbe. Hao wasio na vitundu ndio ambao wakati mwingine huonyesha mayai mawili ndani ya ngozi ya tumbo. Kichwa kikubwa hakisemi kitu ukikitazama peke yake. Nani anakula kwanza hakusemi kitu kabisa. Alikuja mwanafunzi mmoja wa biolojia anayekaa Kamenge, Melchior jina lake, kupunguziwa suruali. Sikuzani akamwonyesha. Kijana akainama nusu saa juu ya kioo, suruali ameisahau, akasema ndivyo ilivyo, vitundu ni vya madume, na akamuuliza nani amemfundisha. Akajibiwa kwamba amefundishwa na aibu yake.

Basi akalitia dume la kweli kabatini. Lilikuwa dogo, jembamba, na siku ya kwanza ya chakula lilikaa kwenye kona likingoja Patron ashibe. Baada ya miezi miwili mayai yalipasuka na vitoto viwili vikatoka, kila kimoja hakifiki urefu wa sindano ya kushonea magunia. Tangu hapo kabatini wameanguliwa vizazi na vizazi. Bibi naye, Sikuzani alimtafuta mtaroni kwa tochi asimpate.

Huyo ndiye shangazi waliyemletea sanduku.

Walikuja watatu: Anouar, ndugu yake mmoja aliyebeba sanduku, na mzee Huseni, ami yake Anouar, mwenye kanzu iliyonyooka na maneno yaliyonyooka zaidi. Twalibu aliwakaribisha kwenye salon, sebule ya nyumba ya mbele. Houda aliingia nyuma yao, akakaa kwenye mkeka karibu na mlango, ushungi umeshuka mpaka machoni. Ana miaka ishirini na saba. Sanduku likawekwa kizingitini, jekundu, na mkanda wake mmoja umekatika.

Mzee Huseni alisema kwa muda mrefu. Alimsifu Houda kwa heshima na kwa upishi. Alisema hakuna ugomvi. Alisema miaka mitano si siku tano, kijana anataka jina lake libaki, na shamba likikataa mbegu mkulima hahukumiwi kwa kuhama. Alidokeza pia kwamba mficha uchi hazai, na kwamba kama binti alikuwa na ugonjwa wa tangu kwao, wangeambiwa mapema. Twalibu alikuwa anaitikia kwa kichwa, macho kwenye zulia. Kisha mzee akamgeukia Sikuzani, akamwomba kwa upole apokee.

"Sipokei," Sikuzani alisema.

Twalibu akadhani hakusikia vizuri. Akamwambia kwa sauti ya chini asiwatie aibu, wageni wana safari. Sikuzani akarudia kwamba hapokei, na kwamba ana neno moja tu: Anouar aende hospitali apimwe, karatasi iletwe hapa, ndipo waongee habari ya nani shamba na nani mbegu. Mzee Huseni akatabasamu kama mtu aliyeombwa na mtoto kitu kisichowezekana. Alisema mwanamume anayesimama kama mwanamume hahitaji karatasi. Alisema, bila kutaja jina la mtu, kwamba mwenye kuachika hawezi kuwa mwalimu wa ndoa.

Sikuzani aliinuka akatoka. Walidhani amekwenda kulia. Alirudi na chupa ya mayonezi ambayo kifuniko chake kimetobolewa, akaiweka katikati ya sinia la chai, na ndani ya chupa alikuwemo Patron. Watu walirudi nyuma kwa pamoja. Twalibu alipandisha miguu kwenye kiti, mtu mzima yule, na kanzu yake.

"Mzee Huseni," Sikuzani akasema. "Huyu dume ao jike?"

Mzee hakutaka kujibu, lakini swali ni swali na yeye ni mtu ambaye hajawahi kukosa jibu. Akanyoosha shingo. "Dume. Kichwa yote hiyo, mwanamuke anaipata wapi?"

Sikuzani akainua chupa juu ya kichwa cha mzee ili aone kwa chini. Kwenye tumbo la Patron, ndani ya ngozi, mayai mawili yalionekana meupe kabisa, moja kila upande.

"Mi pia nilimuitaka bwana," alisema. "Karibu miaka mbili. Kwa sababu anakulaka wa kwanza. Nikamutupa mwenzake inje kwa kosa ambalo hakufanya."

Mzee Huseni akakasirika sasa. Alisema wamekuja kuongea habari za watu, si za mijusi, na kwamba ni dhambi kumfananisha binadamu na kafiri wa ukutani.

"Mijusi nimewaangalia miaka mine," Sikuzani akasema. "Nyinyi Anouar mumemuangalia siku gani?"

Kukawa na zogo. Mzee anatupa mikono, ndugu mtu anasema twendeni, Twalibu anaomba radhi kwa wote. Sikuzani hakuwatazama hao. Mtu anayekaa saa mbili mbele ya kioo akingoja kiumbe kidogo kisogee anajifunza jambo moja: usishughulike na kinachotikisika, tazama kilichotulia. Katika salon ile aliyetulia alikuwa mmoja. Anouar ametukanwa uanaume wake mbele ya ami yake, mbele ya mkwe wake, mbele ya mke wake. Kijana wa mjini, muuza vipuri, mwepesi wa ngumi, alipaswa kuwa amekwisha simama. Yeye ameganda. Anatazama vidole vya miguu yake, na jasho limetoka juu ya mdomo.

Sikuzani alijua. Akatamani angekuwa amekosea.

"Anouar, mwanangu," alisema pole pole. "We ulishapimwa."

Zogo likakatika. Anouar hakuinua kichwa.

"Ndiyo," alisema.

"Lini?"

"Mwaka juzi. Mwezi wa saba. Nilirudia mara mbili."

Mzee Huseni, ambaye hajawahi kukosa jibu, akaanza kusema kwamba sitara ni bora, kwamba ya nyumbani yabaki nyumbani, kwamba sasa wote wameelewana na hakuna haja ya maneno kutoka nje ya geti. Kwamba Houda ni mke mwema na arudi kwake leo hii, sanduku hili hapa, hakuna aliyelipokea, ni kama halikuletwa.

Houda akapandisha ushungi. Tangu aingie hakuwa amesema hata neno moja, na sasa alisema na mumewe tu, kana kwamba wako wawili chumbani kwao.

Alimkumbusha mizizi ya uzazi ya yule mama mganga wa Gatumba. Mwaka mzima uliopita aliinywa, asubuhi na jioni, imechemshwa mpaka imekuwa nyeusi. Ilimtapisha. Ilimkatisha siku zake miezi mitatu. Kuna asubuhi ambazo mikono ilimtetemeka hata hawezi kushika kitu.

"We ulinishikia kikombe," Houda alisema. "Karatasi unayo, na unanishikia kikombe."

Anouar alilia. Hakuna aliyemnyamazisha. Sikuzani alitaka kwenda kumshika binti ya kaka yake, akaona kwamba binti hahitaji kushikwa, akabaki mahali pake.

"Mi leo sikurudishwa," Houda akasema. "Nimekuja kwetu kwa miguu yangu. Kesho nitakuja kwenu mchana, na Shangazi. Utamuambia mama yako, mi nikiwa nimekaa pale. Halafu utaniandikia talaka."

Na ndivyo ilivyokuwa Jumatatu, neno kwa neno, lakini hiyo ni habari ya nyumba nyingine. Jumapili ile walinyanyuka wakaenda. Sanduku ambalo shangazi hakulipokea halilali kwenye parseli, kwa hiyo waliondoka nalo, na ndugu mtu alikataa kulibeba. Anouar alilibeba mwenyewe, jua likiwa bado kali, akapita nalo mbele ya masaluni ya nywele na mabuvette, yale mabaa madogo, ya avenyu nzima, na watu wa Bwiza wana macho.

Houda alikwenda kulala kwenye kitanda cha shangazi yake. Twalibu, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuondoa kikombe mezani, alianza kukusanya glasi za chai. Alikusanya mbili, akazirudisha, akazikusanya tena. Ndevu zake zimekuwa nyeupe zote. Alikuwa anatafuta neno, na Sikuzani alimwacha alitafute.

"Siku ile ya Tajudini," Twalibu alisema mwishowe, "na sisi tungeuliza."

"Mungeuliza," Sikuzani akajibu.

Twalibu alingoja labda dada yake aseme kwamba si kitu, yamepita, ni mambo ya zamani. Sikuzani hakusema hivyo, kwa sababu kilikuwa kitu. Alimpokea glasi mikononi akaenda kuziosha.